Kijani cha Jani Lipi?

Wako watu wanaoshikilia kwamba Kiswahili kina rangi tatu tu, yaani nyeupe, nyeusi na nyekundu, na kwamba nyingine zote ni za kuazima. Katika miaka yangu ya kufundisha nilikutana na madai hayo mara nyingi, nami niliyajibu kwa sarufi. Mwaka huu nimepata jibu lililo bora kuliko lile la sarufi. Nimelipata gerejini, boneti ikiwa wazi, na nimelilipia fedha taslimu.

Marehemu mume wangu, aliyekuwa bwana shamba, aliniachia gari aina ya Land Rover Series IIA la mwaka 1968, alilolinunua katika mnada wa magari chakavu ya serikali. Magari hayo yalipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya bodi yake iliundwa kwa aluminiamu. Fenda na boneti haziliwi na kutu. Ukuta unaoitenga injini na miguu ya dereva, hata hivyo, ni wa chuma, na sisi tukaao Tanga twajua upepo wa bahari unavyokitenda chuma. Kutu ilikuwa imekwisha kuutoboa ukuta huo katika pembe zote mbili. Injini ikashushwa, fundi akachomelea viraka, akapiga msasa mpaka chuma kikawa kitupu. Likabaki swali moja: chumba cha injini kipakwe rangi gani?

Swali hilo dogo lilituletea mjadala wa wiki mbili. Mwanangu, aliyeko Dar es Salaam, alisema kwa simu, "Mama, paka nyeusi tu. Haionyeshi uchafu, na kopo lake lapatikana kila duka." Fundi, kijana mpole na mwenye mkono mzuri, alipendelea rangi ya fedha kwa kuwa inang'aa. Mimi nilitaka rangi ambayo gari lilitoka nayo kiwandani.

Sababu zangu hazikuwa za mapenzi matupu. Nyeusi haizuii uchafu, huuficha. Injini ya zamani huvuja, na mwenye gari la zamani aonaye tone mapema huokoa fedha nyingi. Mafuta ya injini yakichirizika juu ya rangi nyeusi huonekana siku yamekwisha kuwa dimbwi. Mafuta ya breki ni hatari zaidi, kwani hubabua rangi, kisha kutu ikaingia pale pale palipobabuka. Rangi ya fedha nayo ingekuwa ngeni. Kiwandani ukuta ule ulipakwa rangi ya bodi, na mtu afunguaye boneti akaona rangi mbili zisizohusiana hujiuliza ni nini kingine kilichobadilishwa. Nilishinda mjadala. Fundi akaniomba nimwandikie rangi niitakayo ili aende nayo dukani. Nikachukua kikaratasi, nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni: "Rangi: kijani."

Yafaa nieleze kwa nini fundi hakuweza kuitazama rangi hiyo kwenye gari lenyewe. Mwaka 1996 mume wangu alilipiga gari lote rangi nyeupe kwa nje, na ile ya ndani, kama nilivyosema, ilikuwa imeondolewa kwa msasa. Rangi niliyoitaka ilikuwamo kichwani mwangu tu, nami nilidhani neno moja latosha kuihamishia kichwani mwa mtu mwingine.

Niliporudi siku ya nne nilikuta ukuta mzima unameremeta kwa kijani kikali kama jani la mgomba baada ya mvua. Fundi alisimama kando, akanisalimu "Shikamoo, Mwalimu," akasubiri sifa. Nikamwambia, "Mwanangu, siyo hii." Hakubishana. Alifuta mikono, akaingia mfukoni, akanipa kikaratasi changu.

Nakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilikusudia kumwambia arudie kazi kwa gharama yake. Alikuwa amekwisha kutumia rangi, tina, praima na siku mbili za jasho. Lakini nilikuwa nimeushika mkononi ushahidi wa kosa langu. Lau mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeandika katika insha kwamba alinunua "kitu" mahali "fulani", ningemkata alama na kumwandikia pembeni kwa wino mwekundu: fafanua. Mimi, niliyefunzwa chuoni kufundisha lugha, nilikuwa nimemwandikia mtu ambaye chakula cha wanawe kilitegemea kikaratasi kile, nami sikufafanua. Nikalipa kazi ya kwanza, nikalipa na ya pili. Jumla ya hasara ilikuwa shilingi 165,000, nazo zilitoka katika pensheni.

Kisha fundi akafanya jambo ambalo mimi nilipaswa kulifanya kabla ya kuandika. Aliuliza, "Mwalimu, hakuna mahali jua wala brashi havikufika?" Katika magari haya tangi la mafuta hukaa chini ya kiti cha mbele. Akakiondoa kiti, akafunua kifuniko, akapangusa vumbi la miaka kwa kitambaa chenye petroli. Chini yake rangi ya kiwandani ilikuwa nzima. Ilikuwa kijani kilichofifia, chenye ujivu ndani yake. Fundi akaitazama kidogo, akasema, "Hii siyo kijani uliyoandika. Hii ni rangi ya mkonge."

Naam, mkonge! Nimeishi nikiyaona mashamba ya mkonge pande zote mbili za barabara, jani lake gumu lenye vumbi la asili linalolifanya lisiwe kijani halisi wala kijivu halisi, na sikupata kulitumia jina hilo. Kijana ambaye pengine hakumaliza shule alilitoa bila kutafuta. Tulichuma kipande cha jani, tukakipeleka kwa mchanganya rangi pamoja na kifuniko. Alichanganya mara mbili, na mara ya pili ilikubali.

Sasa nirudi kwa wale wasemao lugha yetu ni maskini wa rangi. Sarufi yao ni sahihi. Kweli ni mashina matatu tu, -eupe, -eusi na -ekundu, yanayopatana na ngeli: gari jeupe, magari meusi, milango myekundu. Tena si sisi peke yetu. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu wakieleza kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na haya haya matatu. Lakini kuhesabu majina ya msingi na kuhesabu rangi ambazo watu wanaweza kuzitaja ni mambo mawili mbalimbali. Anayeyachanganya ni kama mtu ahesabuye tofali za msingi akadhani amehesabu vyumba vya nyumba.

Kiswahili hutaja rangi kwa kuonyesha kitu. Kijani ni cha jani, kijivu ni cha jivu, kahawia ni ya kahawa. Manjano ni kiungo cha mchuzi kabla hakijawa rangi, na zambarau ni tunda. Samawati ilitujia kutoka Kiarabu ikiwa na mbingu ndani yake. Watu wetu wana damu ya mzee kwa wekundu ulioiva hadi kukaribia weusi, wana ugoro, wana udongo, wana maji ya kunde kwa ngozi ya binadamu. Huo ni utaratibu unaozaa jina jipya kila penye haja, na hauhitaji kibali cha mtu yeyote.

Je, ni utaratibu wa watu wasioendelea? La hasha. Waingereza waliolitengeneza gari langu walifanya vivyo hivyo. Katika orodha za rangi za Land Rover kulikuwamo nyeupe iliyopewa jina la jiwe la chokaa, nyekundu iliyopewa jina la ua la mpopi, buluu iliyopewa jina la bahari, na nyingine iliyoitwa mchanga tu. Mhandisi wa kule alipotaka kutaja rangi barabara alitazama dirishani mwake. Mimi nilipotaka kutaja yangu sikutazama popote. Basi umaskini ule haukuwa wa lugha, ulikuwa wangu.

Nasikia pingamizi mbili. Ya kwanza husema kwamba siku hizi rangi hutajwa kwa namba: Wajerumani walianza orodha yao ya RAL mwaka 1927 wakiwa na rangi 40, Waingereza nao wana yao, na mashine dukani huelewa namba. Nakubali. Mwenye namba aitumie, kwani namba haina ubishi. Lakini namba huja mwisho wa mazungumzo. Kabla yake watu wawili sharti wakubaliane wanatafuta nini, na hapo ndipo neno hufanya kazi. Mimi sikuwa na namba, nilikuwa na kumbukumbu.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Rangi ya mkonge itamsaidia nini msomaji wa mahali ambapo mkonge hauoti? Nami nasema, yeye ataje mmea wake, au udongo wake, au ndege wake, kisha aeleze. Ushairi wetu haukupata kuogopa neno la kwao. Msomaji wa bara hujifunza maneno ya mwambao kwa kusoma tungo za Lamu na Mombasa, na hakuna anayedai tungo hizo zifutwe mpaka zieleweke na wote kwa siku moja. Jambo linaloua lugha ni desturi ya kulisukuma kila kitu ndani ya neno moja pana, tukiongezea "hivi" mwishoni: kijani-kijani hivi, bluu-bluu hivi. Hata "kijani kibichi", tunachokitumia kila siku, kina busara kuliko hivyo, kwani angalau chasema jani hilo halijakauka.

Ombi langu kwa watungaji wenzangu, hasa vijana, ni hili. Unapoandika kwamba msichana alivaa gauni la kijani, jiulize ni kijani cha jani lipi: mgomba, mwembe, mkorosho au mkonge? Jani la mwembe changa huwa na wekundu-wekundu, likikomaa hukoza. Ukichagua, msomaji ataona gauni, na pengine atajua na mahali ulipozaliwa. Ukikwepa, umemwachia achague mwenyewe, na usimlaumu akichagua mgomba. Nimejitungia ubeti wa kujikumbusha, nao nimeubandika juu ya meza ninapoandikia:

Niliandika kijani, fundi akapaka sawa,
Ni jani la mti gani, hilo hakuelezewa,
Kosa si la gerejini, fundi asije onewa,
Majina yamo shambani, tayari yamegawiwa.

Gari sasa limesimama uani. Kwa nje bado ni jeupe, kwani fedha iliyobaki haikutosha kurudisha na bodi katika rangi yake, na huenda nikaliacha hivyo. Juzi nilifungua boneti kupima maji ya rejeta, nikaona mstari mwembamba wa mafuta ya breki umeteremka ukutani kutoka kwenye silinda kuu, mweusi juu ya rangi ya mkonge. Nilimwita fundi siku ile ile. Alibadilisha mpira mmoja mdogo, akaosha ukuta kwa maji na sabuni kabla rangi haijababuka, akaondoka. Safari hii nilimwandikia kikaratasi kirefu zaidi.