Mteremko wa Nithi Hautaki Haraka

Je, msomaji, umewahi kutoka Embu hadi Meru kwa pikipiki? Ndani ya matatu usingizi hukuchukua kabla ya Runyenjes. Juu ya pikipiki unayaona mashamba ya kahawa na majani chai, watoto wanakupungia mkono, na Mlima Kenya uko kushotoni mwako, wingu lisipoufunika.

Siku hiyo nilikuwa na haraka ya kufika Meru kabla ya jua kutua. Nikasimama Chuka kununua ndizi. Mama aliyeniuzia akaitazama pikipiki yangu, akauliza, "Mwanangu, breki ni nzima? Mbele kuna Nithi."

Alisema kweli. Hapo barabara huteremka kwa kona kali hadi darajani. Mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Nilishuka kwa gia ya pili, viganja vikitoka jasho. Meru niliingia gizani, lakini mzima.

Basi ukienda, simama, salimia watu, nunua ndizi. Wenyeji huijua barabara kuliko ramani yako. Na haraka yako? Iache Chuka.