Mlima wa Kijani Hautoshi

Imani iliyozoeleka ni kwamba msitu ukiwa na miti yake, basi na wanyama wake wamo. Mtu hutazama mlima uliofunikwa kijani, akamwona kindi akiruka tawi hadi tawi, akaridhika. Lakini kindi ni shahidi mbovu. Kindi mwekundu wa pwani ameenea kutoka Somalia hadi KwaZulu-Natal, huvumilia hata vichaka, na sehemu kubwa ya maisha yake iko juu ya miti. Kumwona hakutuambii kinachotendeka sakafuni mwa msitu, na huko ndiko wanakotegwa wanyama wanaotembea kwa miguu.

Kwale wa Udzungwa ni mmoja wao. Jamaa zake wa karibu wako Asia, si miongoni mwa kwale wenzake wa Afrika, na wanasayansi walimfahamu mwaka 1991 tu, katika misitu ya Ndundulu kwenye Milima ya Udzungwa, Tanzania. Dalili ya kwanza, inavyosimuliwa, ilikuwa miguu ya ndege ndani ya sufuria. Yaani walaji walimjua kabla ya wataalamu. Kwale hawa hula wadudu na mbegu kwa kupekua majani makavu, wakitembea kwa vikundi vidogo, hivyo kitanzi kimoja cha waya kwenye njia yao kinatosha kuwapunguza. Kitanzi hicho hakikati hata tawi moja. Picha ya setilaiti itaonyesha kijani kilekile mwaka baada ya mwaka, hata kama chini hakuna tena ndege wa kupekua.

Wapo watakaosema kwamba bila miti kwale huyo asingekuwapo. Hilo halina ubishi, ila nyumba kuwa na paa si uthibitisho kwamba mna watu ndani. Wengine watataja Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992. Ndundulu ilibaki nje ya mipaka yake, na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Kilombero, inayoihusisha, ilikuja 2007 tu. Hata hivyo, mpaka uliochorwa kwenye ramani hauondoi waya. Unaondolewa na askari anayepita akiinama. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mtegaji anatafuta kitoweo. Ni kweli, na kumfunga jela hakutampa mboga. Apewe njia ya kufuga kuku, na vijana wa vijiji jirani walipwe kung'oa vitanzi.

Basi taarifa za misitu yetu zisiishie kwenye hekta za miti. Ziseme pia vitanzi vingapi vimeng'olewa, na kwale wangapi wameonekana.