Mbuzi Arudishwe
Juzi kwenye steji ya bodaboda hapa Ogembo, vijana waliokosa abiria walichora Mto Gucha udongoni kwa kijiti: chui, mbuzi, majani, na mtumbwi unaobeba mwenyewe na kitu kimoja tu. Vyote vivuke, lakini wakiachwa peke yao chui atamla mbuzi, na mbuzi atayala majani. Mbuzi akavushwa, chui akafuata, kisha zogo likazuka. Mzee aliyekuwa akingoja matatu akasema, “Vijana wangu, mrudisheni mbuzi.” Wakamcheka, nani hurudisha alichokwisha kuvusha? Na ndilo jibu lenyewe: safari saba, mbuzi akivuka mara tatu. Fumbo hili lina zaidi ya miaka elfu moja Ulaya, na Zanzibar nako lipo, na chui wake. Arudiye nyuma hajapotea njia. Walimu, mtoto akifuta hatua aanze upya, msimkaripie, huyo anafikiri.