Bakuli la Richmond

Marekani ikichagua rais sisi hatulali. Tunabishana barazani mpaka kahawa inapoa, kana kwamba tunapiga kura sisi. Lakini mwenzetu aliyepata uraia kule, analipa kodi kule na wanawe wanasoma kule, mwulize nani anagombea ubunge wa jimbo lake. Atakujibu, "Ah, hizo ndogondogo siziwezi."

Namwomba asikilize habari ya Virginia. Jimbo hilo huchagua gavana na wabunge wake katika miaka ya witiri, wakati ambapo urais haugombewi na wengi wamejikalia nyumbani. Novemba 2017, huko Newport News, David Yancey wa Republican alikuwa akitetea kiti chake cha bunge la jimbo dhidi ya Shelly Simonds wa Democratic. Kura ziliporudiwa kuhesabiwa, Simonds akapata 11,608, Yancey 11,607. Kesho yake karatasi moja ikapelekwa mbele ya majaji watatu. Mwenye kura alikuwa amejaza viduara vyote viwili, kisha akapiga mstari juu ya kile cha Simonds. Majaji wakampa Yancey. Sare!

Sheria ya huko husema sare ikatwe kwa bahati. Tarehe 4 Januari 2018, mjini Richmond, majina mawili yalitiwa kwenye vikopo vya filamu ya kamera, vikopo vikatiwa ndani ya bakuli la kauri lililoazimwa makumbusho ya sanaa, na mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi akatumbukiza mkono. Akatoka na Yancey. Chama chake kikabaki na viti 51 kwa 49. Angeshika kikopo cha pili, ingekuwa 50 kwa 50.

Utaniambia hayo hutokea mara moja katika umri wa mtu. Kweli. Basi liache bakuli, utazame viti: kabla ya uchaguzi ule Republican walikuwa na 66, wakapoteza 15 kwa siku moja. Miezi michache baadaye bunge lililokuwa likikataa miaka nenda miaka rudi kupanua Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, likakubali. Aliyekuwa akimeza vidonge nusunusu ili visiishe upesi alisaidiwa na uchaguzi ambao sisi barazani hatukuutaja hata kidogo.

Na si bunge tu. Sherifu anayesimamia jela huchaguliwa. Mwendesha mashtaka anayeamua kijana wako ashtakiwe kwa kosa gani, naye huchaguliwa. Bodi ya shule pia, mahali pengi. Hao ndio watakaokugusa kabla rais hajakugusa, nawe hujui hata majina yao! Waulize sasa, wakiwa bado wanakuja mlangoni kuomba. Wakishaapa, utawatafuta kwa miadi.

Simonds alirudi ulingoni 2019 kupambana na Yancey yuleyule. Safari hiyo alishinda, na bakuli halikuhitajika.