Elektroniki ifundishwe kwa mikono, si kwa chaki tu

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nami nitoe dukuduku langu juu ya mafunzo ya elektroniki katika shule zetu za sekondari. Mimi ni fundi redio hapa Mpanda, na kazi hii ndiyo inayonilisha mimi na familia yangu.

Kwa miaka mingi mji wetu ulitegemea umeme wa mitambo ya dizeli, na wenyeji tunakumbuka jinsi ulivyokuwa ukikatika na kurudi ghafla. Ingawa kazi yangu ni redio, nimeletewa majokofu mengi yaliyoungua mota. Umeme ukirudi upesi, gesi ndani ya jokofu huwa bado ina mgandamizo mkubwa. Mota hushindwa kuanza, huvuta umeme mwingi na kuungua. Jokofu likipumzishwa kama dakika nne hivi, huanza salama. Mama mmoja jirani yangu, muuza barafu na juisi, alifunga biashara yake kwa kukosa dakika hizo nne.

Dawa yake ni kifaa kidogo kuliko punje ya hindi. Ni chipu yenye miguu minane iitwayo 555, iliyobuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, mzaliwa wa Uswisi, na kuanza kuuzwa mwaka 1972 na kampuni ya Signetics ya Marekani. Bei yake ni ndogo, na hadi leo bado inatengenezwa.

Kazi yake hata mtoto huielewa. Chukua rezista iwe bomba, na kapasita iwe ndoo. Umeme hupita kwenye bomba kidogo kidogo na kujaza ndoo. Haba na haba hujaza kibaba. Ndoo ikifika theluthi mbili, chipu hubadili hali yake na kuwasha au kuzima kitu. Muda wake ni rezista mara kapasita mara 1.1. Ukiweka rezista ya megaomu 1 na kapasita ya maikrofaradi 220, utapata sekunde 242, yaani dakika nne na nukta mbili. Ukiweka rezista ya nusu yake, muda nao unapungua kwa nusu. Ongeza transista na relei, na jokofu la yule mama lina mlinzi wake.

Sasa nifike kwenye kilio changu. Binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne alikuja kwangu kujifunza. Alichora transista kwenye karatasi vizuri kuliko mimi, lakini nilipompa ya kweli aliigeuza geuza na kuniuliza, “Fundi, hii ndiyo nini?” Siku ya kwanza aligeuza nyaya za betri, chipu ikaungua. Siku ya tatu tulikaa mbele ya saa ya ukutani, na dakika nne zilipopita kidogo, relei ikalia “tak!” Binti akaruka kwa furaha. Ndugu Mhariri, miaka minne ya chaki haikumpa alichokipata kwa siku tatu.

Wapo watakaosema kwamba vifaa vya kulinda majokofu vinauzwa tayari madukani. Ni kweli. Lakini mnunuzi kikimharibikia hukitupa, na aliyejifunza kukiunda hukitengeneza. Tena, chipu ile ile huweza kumulikisha taa, kupiga kengele au kuzima pampu ya maji baada ya muda uliowekwa.

Na tusidhani ubunifu ni wa Wazungu peke yao. Kijana wa Kimasai wa Kitengela nchini Kenya, Richard Turere, alipokuwa mtoto alizuia simba wasile ng’ombe wa baba yake kwa taa za kumulika kwa zamu kuzunguka zizi. Hakuwa na 555. Alitumia kisanduku cha indiketa cha pikipiki, betri ya gari, balbu za tochi mbovu na paneli ya jua. Mwaka 2013 aliitwa Marekani kueleza kazi yake. Sisi tunaopakana na Hifadhi ya Katavi, je, hatuna watoto wa namna hiyo?

Mwalimu Nyerere alituachia Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na siku hizi tunasikia habari za mkondo wa amali. Hayo ni mema, lakini amali bila vifaa ni hadithi. Reli yetu ya kutoka Kaliua ilijengwa wakati wa ukoloni ili kubeba madini ya risasi ya Mpanda. Leo mimi nikitaka risasi ya kuchomelea waya naagiza Dar es Salaam!

Nawaomba viongozi wahusika mambo matatu. Kwanza, kila sekondari iwe na sanduku la vipuri, hata vya kutoa kwenye redio mbovu. Pili, wanafunzi waanze na betri ya volti 9 na vitaa vidogo. Umeme wa nyumbani unaua, nao uachwe mpaka wawe chini ya fundi anayeujua. Tatu, mafundi wa mitaani tuitwe shuleni walau Jumamosi moja kwa mwezi. Kwa upande wangu niko tayari kufundisha bila malipo, na pasi yangu ya kuchomelea nitakuja nayo mwenyewe.

Yule mama sasa anauza mchicha sokoni. Jokofu lake analitumia kama kabati la nguo.

Fundi Redio,
Mpanda, Katavi.