Mgeni Mwindaji na Maswali Mawili ya Mzee

Wahenga walisema safari ni hatua. Safari niliyoiona ikiandaliwa nyumbani kwa rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu wa upande wa Bomet, ilikuwa na kurasa kumi na moja za maandishi kabla ya hatua ya kwanza kupigwa.

Nilikuwa nimepanda huko kutoka Mombasa kwa shughuli zangu za kukusanya maneno. Nililala Kericho usiku mmoja, na asubuhi yake nikachukua matatu kupita mashamba ya chai, mashamba yaliyotandazwa juu ya vilima kama mikeka iliyofumwa na fundi mmoja. Tangu kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziingie huko katika miaka ya 1920, jani hilo moja limefunika nchi hata mtu akadhani ndivyo ilivyoumbwa. Kongoni hana mahali pa kusimama hapo, na hata sungura atatafuta ruhusa ya nyapara.

Mwalimu alinipokea kwa mursik ya kibuyuni, akaniambia kuwa nimemkuta na mgeni mwingine. Mwanawe aliyekwenda Marekani kwa riadha alikuwa amerudi likizo pamoja na mwenzake wa kazini, bwana wa makamo yangu, ambaye hajapata kukanyaga Afrika. Baada ya siku tatu bwana huyo angevuka mpaka kwenda Tanzania kuwinda kwa mara yake ya kwanza. Zile kurasa zilikuwa zake, ametandaza meza nzima.

Mgeni alikuwa mtu mwungwana, na nilipomwomba anieleze alinieleza bila kuchoka. Anataka wanyama wa nyikani: nyumbu, kongoni, swala pala, pundamilia, na bahati ikimjalia, pofu. Kwa muda wa miezi sita amekuwa akijizoeza kupiga shabaha akiwa wima, bunduki ameiegemeza juu ya fito tatu zilizofungwa pamoja, kwa sababu majani ya nyika ni marefu na mtu hawezi kulala chini akaona mbele. Viatu vyake amevivaa nyumbani mpaka vikalainika, asije akachubuka siku ya pili. Nguo zake ni za rangi ya majani makavu. Nyeusi na buluu ameziacha, kwani mbung'o huzipenda rangi hizo; na zile za madoadoa ya kijeshi ameziacha pia, kwani raia akizivaa katika nchi zetu atajikuta mbele ya polisi. Ana vidonge vya malaria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Kisha zikaja karatasi. Kibali cha kuingiza bunduki na idadi ya risasi. Leseni ya kuwinda. Bei ya kila mnyama, mmoja mmoja, na sharti kwamba akimjeruhi mnyama kisha akampotea, atamlipia vilevile. Haruhusiwi kupiga risasi usiku wala kutoka ndani ya gari, na hatakwenda peke yake: atafuatana na mwindaji bingwa aliyesajiliwa pamoja na askari wa wanyamapori. Kurasa mbili za mwisho zilihusu namna kichwa na ngozi vitakavyotiwa chumvi, vikaushwe, vifungwe na kusafirishwa kwa meli hadi kwao.

Kijana wa Mwalimu akauliza kwa nini mgeni asiwinde papa hapa Kenya akapunguza gharama. Jibu ni kwamba hapa mlango ulifungwa. Mwezi wa Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama, na 1978 ikafunga biashara ya pembe, ngozi na vitu vyote vitokanavyo na wanyama hao. Tanzania nayo ilifunga 1973, lakini ikafungua tena 1978, na tangu hapo waindaji wa kigeni huvuka kwenda huko. Ndiyo maana mtu aweza kukaa Bomet akinoa kisu cha mawindo, lakini ni lazima avuke mpaka kabla ya kukichomoa.

Haya matayarisho si mageni katika nchi hii. Tarehe 21 Aprili 1909 aliteremka Mombasa mtu aliyekuwa Rais wa Marekani wiki chache tu kabla, Theodore Roosevelt, pamoja na mwanawe Kermit. Alileta tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi, na bunduki za kila namna. Akaleta na sanduku la vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho na mvua. Sanduku hilo lilipimwa liwe mzigo wa mpagazi mmoja. Naomba msomaji amfikirie mpagazi yule, pengine Mwislamu mwenzangu wa pwani, akitembea na maktaba ya nguruwe kichwani mwake, huku nyuma na mbele yake wakienda wapagazi wenziwe zaidi ya mia mbili.

Kutoka Kijabe msafara huo ulivuka nyika kavu isiyo na maji, kwa magari ya maksai, kuelekea nchi ambayo Roosevelt aliiita Sotik. Sehemu kubwa ya nyika aliyowinda leo iko upande wa Narok, na mji wenye jina hilo uko hapa Bomet. Safari yake ilipokwisha huko Khartoum mwezi wa Machi 1910, baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512 kwa mikono yao miwili. Wengi walipelekwa kwenye majumba ya makumbusho ya Marekani. Na neno lenyewe safari alilichukua kwetu. Sisi tulilitoa katika Kiarabu, tukalitembeza bara kwa misafara likiwa na maana ya mwendo tu. Likaingia katika lugha za Kizungu likiwa limevaa kofia na kushika bunduki.

Lakini kabla ya mgeni yeyote, nchi hii ilikuwa na waindaji wake. Katika msitu wa Mau, unaopakana na chai ya Kericho, wanaishi Waogiek. Wao waliwinda kwa upinde, mishale ya sumu, mitego na mbwa, na kurina asali katika mizinga waliyoitundika mitini. Msitu wao haukuwa shamba la bibi: kila ukoo ulikuwa na sehemu yake, kuanzia chini penye joto hadi juu penye baridi, ili uifuate asali kadiri maua yanavyochanua. Wamasai waliwaita jina lenye maana ya watu wasio na ng'ombe, nasi Waswahili tukaligeuza tukasema Wandorobo. Ajabu ni kwamba huko Tanzania ndorobo ni jina la yule mbung'o anayeuma. Mtu maskini na mdudu mwenye kuudhi wamepewa jina moja, na sidhani kuwa wenye jina waliulizwa.

Tukiwa katika mazungumzo hayo, baba yake Mwalimu alitoka chumbani akiongozwa na mjukuu. Ni mzee wa Kikipsigis ambaye umri wake hata wanawe huukisia. Alizigusa zile karatasi kwa vidole, akauliza ni za nini, akaelezwa. Akakaa kitambo. Kisha akasema kwa lugha yake, na Mwalimu akatufasiria:

"Mgeni wenu ni wa mnyama gani?"

Hatukuelewa, na Mwalimu ikambidi atueleze. Kila ukoo wa Kikipsigis una mnyama wake. Kuna wa simba, wa tembo, wa nyati, wa fisi, na wengine hata nyuki. Mtu hamuui mnyama wa ukoo wake. Mzee mwenyewe ni wa tembo. Kwa hiyo mtu akitaka kwenda mwituni, jambo la kwanza ni kujua ni mnyama yupi atakayempisha njia.

Mgeni akatabasamu, akasema kwamba kwao hawana mnyama.

"Basi atajuaje pa kukomea?" akauliza mzee.

Hakuna aliyejibu. Mzee akaongeza la pili: "Na nyama italiwa na nani?"

Mgeni alijibu kwa ukweli. Alisema kambi itakula kidogo, nyingine anaamini hupewa watu wa vijiji vya karibu, ingawa hilo halimo katika karatasi zake. Yeye atachukua kichwa na ngozi. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaagiza mgeni aongezewe maziwa.

Maswali hayo mawili hayakuwa mapya kwangu. Nilipokuwa mtoto chuoni, mwalimu wetu alipofika mlango wa mawindo alitufundisha kwamba aliye katika ihramu ya Hija haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu. Asiye katika ihramu ameruhusiwa, lakini alitaje jina la Mwenyezi Mungu anapomwachia mbwa wake, na mbwa mwenyewe awe amefundishwa kumshikia bwana wake. Na wanavyuoni wamechukia mtu kuua kwa mchezo, bila haja. Pana mpaka, na pana mlaji. Wazee wa Bomet na walimu wa Mombasa hawakupata kukaa baraza moja, nao walifikia jambo lilelile.

Nayasema haya kwa sababu katika Kenya mjadala wa kuufungua mlango wa 1977 haujafa. Mwaka 2018 waziri wa utalii wa wakati huo, Najib Balala, aliunda jopo la kuchunguza kama wanyamapori waweza kutumiwa kwa nyama na mazao mengine. Kabla ya hapo palikuwa na majaribio ya kuvuna wanyama, yaliyoanza miaka ya 1990 yakasimamishwa 2003. Kila mara huzuka makundi mawili. Moja husema mwindaji mmoja huleta fedha nyingi kuliko basi zima la wapiga picha. La pili husema damu si utalii.

Tuzitazame hesabu bila hamaki. Tembo wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973. Ilipofika 1989, mwaka ambao Rais Moi alichoma moto tani kumi na mbili za pembe, walikuwa wamebaki kama 16,000. Wengi waliuawa na majangili, kabla ya marufuku na baada yake. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa wanyama wakubwa wa mwitu nchini walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977, yaani katika miaka ileile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuwinda. Waliondolewa na ua wa seng'enge, jembe, mifugo iliyoongezeka na wingi wetu sisi wenyewe. Leseni haikuwalinda zamani, na marufuku peke yake haikuwalinda baadaye.

Tena yuko mtu anayeishi nao. Mito ya Nyangores na Amala hupita Bomet, hukutana na kuwa mto Mara, na nyayo za tembo hupanda kwa njia hiyohiyo kurudi mashambani. Sheria ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, lakini malalamiko ya fidia kuchelewa yamekuwa wimbo. Mkulima huyo humlisha mnyama mahindi yake, naye hana sehemu yoyote, si katika picha wala katika nyama.

Na Waogiek? Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kuwa Kenya ilivunja haki zao kwa kuwatoa Mau, na kwamba wao hawawezi kubebeshwa lawama ya kuharibika kwa msitu huo. Mwezi wa Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi ya mababu zao. Mwezi wa Novemba 2023 wakatolewa tena. Aliyekuwa na mpaka wake na mlaji wake hana kibali, na mwenye kurasa kumi na moja ana vibali vyote, lakini hayo mawili hayamo ndani yake.

Rai yangu ni hii. Kenya isiufungue mlango wa mawindo mpaka kwanza iweze kumjibu yule mzee: nani atakayesema basi, imetosha, na akasikizwa hata na mwenye fedha, na nani atakayekula. Tanzania tangu 2020 imeruhusu mabucha ya nyamapori, na kuna jumuiya za vijiji zinazosimamia wanyama wao. Tukajifunze huko yaliyofaulu na yaliyokwama. Na wale wanaotaka mlango ubaki umefungwa wajibu pia, kwa sababu mkulima wa Bomet anauliza swali lilelile kila asubuhi akiliona shamba lake limelalia ubavu.

Siku ya kuagana mgeni alinijia na kalamu. Aliniomba nimwandikie kwa Kiswahili swali la pili la mzee, alisome mwenyewe siku atakayofika kambini. Nikamwandikia, akalikariri mara tatu, akalikunja akalitia katika pochi pamoja na vibali vyake. Swali la kwanza hakuniomba, na mimi sikumlazimisha. Kwake, na kwa wenye kupanga mambo haya huko Nairobi, naacha ubeti mmoja:

Mwindaji ukijifunga, safari kuiandama,
Bunduki hata na panga, si mwanzo wa kutazama,
Uliza wa kumchunga, na nani atala nyama,
Asiyeuliza hilo, hajawa tayari bado.