Kambare hajali maji mekundu

Mwandishi, katika makala yako ya uvuvi, kwa fimbo na mshipi sina neno, ila hapo ulipotuambia tukae nyumbani wakati wa masika nakupinga. Sisi wa Kayole tukienda kuvua hushika njia ya bwawa la Masinga. Ni kweli, Mto Tana unaoliingia ukishuka na udongo, ngege huwa wa kubahatisha na chambo cha kumetameta hakionekani. Lakini kambare hategemei macho, ananusa na kupapasa kwa sharubu. Mwekee utumbo wa kuku, risasi nzito ifikishe ndoana chini kabisa, usubiri giza lianze kuingia. Labda ulikuwa unafikiria trauti, yule wa Mto Gura aliyeletwa na Wazungu mwaka 1905. Huyo kweli anataka maji baridi, maangavu. Na wewe wa Dandora uliyeuliza kuhusu Mto Nairobi: hata ukimpata samaki humo, usimle, ndugu yangu, na majitaka yote yale! Afadhali upande gari la Matuu, ukifika uulizie la Masinga. Ila usiingie majini hata hadi magotini, mamba wapo.